Twendeni Cherry Springs Kabla Majani Hayajaisha

Hotuba kwa familia za wazungumzaji wa Kiswahili wa Pennsylvania, mwanzoni mwa Oktoba

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, na ninyi watoto mliokaa hapa mbele, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie safari ya msituni tunayotaka kuifanya mwezi huu. Najua wamo humu ambao wakisikia msitu na usiku vikitajwa kwa pamoja, moyo unawashtuka. Wamo waliopita msituni usiku na watoto mgongoni, wakitoka Fizi, wakitoka Uvira kule Kongo, na hawakuwa wamekwenda kutazama nyota. Sitaki kulipita jambo hilo mbio mbio. Mzee akiniambia, "Mwanangu, mimi usiku wa porini niliumaliza," namwelewa, na hakuna atakayemlazimisha. Ombi langu ni kwamba mnipe nafasi niwaeleze tunakokwenda ni wapi na tutakuta nini, halafu kila nyumba iamue.

Cherry Springs ni hifadhi ndogo ya jimbo, ekari 82 tu, iliyoko kaunti ya Potter, kaskazini mwa Pennsylvania. Udogo wake usiwadanganye. Pande zote imezungukwa na msitu wa serikali unaoitwa Susquehannock, wenye ekari zipatazo 262,000, jina lililotokana na watu wa asili wa bonde la mto Susquehanna. Hifadhi iko juu ya uwanda wa mlima, kama mita 700 kutoka usawa wa bahari. Kaunti nzima ina watu wapatao 16,000, na miji yao midogo imejificha mabondeni, hivyo taa zao haziwafikii walio juu. Kule juu kuna uwanja wa majani ulio wazi, na ukisimama katikati yake unaona mbingu yote kutoka upeo hadi upeo.

Msitu wenyewe una historia ambayo sisi tuliotoka kwenye nchi za makaa na mbao tunapaswa kuijua. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, milima ile ilikatwa miti karibu yote. Misonobari ikawa mbao. Miti ya hemloki ilivunwa hasa kwa ajili ya magome, kwa sababu viwanda vya ngozi viliyahitaji kwa kulainishia ngozi. Kilichobaki kilikuwa visiki, matawi makavu na moto. Jimbo likaanza kununua ardhi hiyo iliyochakazwa, na katika miaka ya 1930 vijana wasio na ajira waliokusanywa na serikali ya Marekani wakapanda miti na kujenga barabara na mabanda, likiwemo banda lililoko Cherry Springs. Miti iliyoota pale baada ya ukataji ni micheri myeusi, ambayo ndiyo iliyoipa hifadhi jina lake, pamoja na miti ile ambayo jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, meipo. Kwa hiyo msitu tunaokwenda kuuona ni msitu uliorudi. Walioukuta jangwa hawakuishi kuuona ulivyo leo, na bado waliupanda.

Sasa nizungumzie majani, maana watoto wameniuliza sana.

Kijani cha jani kinatokana na klorofili, ambayo mti huitengeneza upya muda wote wa majira ya joto. Siku zikifupika na usiku ukiingia ubaridi, mti unaanza kukusanya mali yake: unafyonza naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye jani na kuzirudisha kwenye matawi na mizizi. Klorofili inavunjwa, nyingine haitengenezwi. Hapo njano iliyokuwemo tangu mwanzo, imefichwa na kijani, inajitokeza. Wekundu ni habari nyingine kabisa. Haukuwemo. Jani linautengeneza katika siku zake za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake, na rangi hiyo huitwa anthosiani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha, meipo zinawaka kuliko mwaka wa mawingu. Wakati huo huo, pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, linajengeka tabaka jembamba linaloziba kidonda kabla jani halijaanguka.

Wazee wa Katanga, wa Tabora, wa Rukwa, ninyi mnaijua miombo. Mnakumbuka Septemba na Oktoba, kiangazi kimekausha kila kitu, mvua bado haijanyesha, halafu ghafla msitu unavaa wekundu. Majani yale ni machanga, ndiyo kwanza yanatoka, na rangi yake ni anthosiani hiyo hiyo. Wanasayansi wengi wanaona kazi yake inafanana kote kuwili: kulikinga jani na jua kali wakati halina nguvu ya kujikinga. Kwa hiyo katika miezi ile ile, kule kwetu jani jekundu linazaliwa na huku jani jekundu linakufa. Nilipolijua hilo sikuweza tena kuutazama msitu wa huku kama msitu wa watu wengine.

Rangi za kaunti ya Potter hutangulia sehemu kubwa ya jimbo, kwa sababu ya baridi na mwinuko. Kawaida hukolea mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Anayengoja Novemba atakuta mialoni yenye majani ya kahawia na micheri iliyobaki matawi matupu.

Tutafika mchana ili tupate saa kadhaa za kutembea. Mtaona kulungu wenye mkia mweupe kila mahali, na madereva wawe waangalifu sana jioni kwa sababu Oktoba na Novemba ndiyo miezi wanayovuka barabara hovyo. Dubu weusi wapo. Majira haya wanakula kutwa kucha, njugu za mialoni na cheri za porini, wakijiwekea mafuta ya kulala majira ya baridi. Ni wanyama wenye haya wanaomkimbia binadamu, ila chakula kisiachwe nje. Atakayetaka kuendelea hadi Benezette, upande wa kusini-magharibi, atawakuta wapiti, jamaa wakubwa wa kulungu. Waliowahi kuishi Pennsylvania walikwisha kabla karne ya 19 haijamalizika. Walio huko sasa ni uzao wa wale walioletwa kwa treni kutoka magharibi ya Marekani kati ya 1913 na 1926. Septemba na Oktoba madume yao hupiga mbinja ndefu kuwaita majike, sauti nyembamba ambayo hutaamini imetoka kwenye mnyama mkubwa kiasi kile.

Mambo mawili ya usalama, kisha nirudi kwenye nyota. Msimu huu ni wa uwindaji, kwa hiyo mchana kila mtu avae kitu cha rangi ya machungwa iliyokoza, watoto hasa. Na kupe wa kulungu bado wako hai mwezi wa kumi. Wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Chomekeni suruali ndani ya soksi, na mkirudi nyumbani mkaguane nyuma ya magoti, kwapani na kichwani.

Jua litazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza kamili litaingia kama saa mbili usiku. Hapa ndipo ninaposema Oktoba ni mwezi wa familia. Mwezi wa sita mwanga wa jua haumaliziki mbinguni hadi karibu saa tano usiku, na mtoto wa miaka sita ameshalala zamani. Sisi tuliozoea magharibi isiyobadilika mwaka mzima tunaona ajabu, lakini huku majira ndiyo yanayoamua ni nani atakayeziona nyota. Tena hewa ya Oktoba ina unyevu mdogo kuliko ya Julai, na mbingu inakuwa safi.

Kuhusu mwezi, tunataka usiwepo. Waislamu wameshazoea hesabu hii: tunatafuta siku za mwisho kabisa za mwezi, au siku mbili tatu baada ya kuandama, ambapo hilali huzama mapema na kutuachia usiku wote.

Nikiwaomba jambo moja mlishike kwa nguvu, ni hili la taa. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kuona vizuri. Nyuma ya jicho kuna kemikali iitwayo rodopsini inayojijenga polepole, na mwanga mweupe wa sekunde moja unaivunja. Simu moja ikiwashwa, watu wote waliokaa karibu wanaanza upya, wakiwemo watu wasiotujua waliosafiri saa nyingi na darubini zao. Mwanga mwekundu hauiharibu kwa kiasi hicho, na ndiyo maana sheria ya pale ni tochi nyekundu tu. Chukueni tochi ya kawaida, ifungeni kwa nailoni nyekundu mara mbili au tatu. Magari yaegeshwe mapema, na taa za ndani zizimwe ili mlango ukifunguliwa zisiwake. Tutakaa kwenye sehemu ya umma, ambayo haina kiingilio. Uwanja wa wenye darubini zao, wanaokesha hadi asubuhi, una usajili na malipo yake.

Macho yakishatulia, tazameni juu. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru ya nyota zisizohesabika, itakuwa imepita utosini, kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, na mtaona hata yale mabaka meusi yanayoigawa, ambayo ni mawingu ya vumbi yanayozuia nyota za nyuma yake. Watoto wetu waliozaliwa mjini wakiiona mara ya kwanza hudhani ni wingu. Waacheni wadhani hivyo kwanza, halafu waambieni.

Kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, kuna nyota ambayo wengi wenu hamkuwahi kuiona nyumbani: Nyota ya Kaskazini. Ukiwa kusini mwa ikweta inakuwa chini ya upeo. Hapa haichomozi wala haizami, na mbingu yote inaizunguka. Badala yake tumeupoteza Msalaba wa Kusini, ambao kutoka Pennsylvania hauonekani hata siku moja. Kila aliyehama amebadilishana mbingu kidogo namna hii, na nadhani ni haki yetu kuusikitikia Msalaba ule.

Upande wa kaskazini-mashariki mtaona nyota tano zenye umbo la herufi W. Hizo ni za kundi la nyota liitwalo Mke wa Kurusi. Ncha yake moja kali inaelekeza kwenye kidoa cha ukungu kinachoonekana kwa macho matupu ukikitazama kwa pembeni kidogo. Ni galaksi ya Andromeda, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, na nuru inayoingia jichoni mwako iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahan alikiandika kidoa hicho mwaka 964, akakiita wingu dogo, bila darubini ya aina yoyote, kwa sababu usiku wa Isfahan ulikuwa bado giza. Nataka kila mtoto akione. Hakuna kitu cha mbali zaidi ambacho watu wengi watakiona kwa macho yao maishani.

Halafu, ikikaribia saa nne, geukeni mashariki. Kilimia kitakuwa kimepanda juu ya miti. Wazee wa pwani walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki walipima msimu wa kulima kwa nyota hizo. Nyuma yake anafuata Dabarani, nyota nyekundu, na baada ya saa tano usiku kundi la nyota la Jabari linaanza kuchomoza. Fikirini jambo moja pale. Saa nne usiku wa Oktoba huku, Kigoma ni saa kumi na moja alfajiri, na Uvira ni saa kumi. Kote huko bado giza, na Kilimia kimeshapita kilele chake kikielekea magharibi. Mama aliyeamka mapema kuchota maji anaweza kukiona, na wewe unakiona, kwa dakika ile ile. Simu nyingi hazipati mtandao kule mlimani, kwa hiyo patana naye kabla.

Watakaobaki hadi usiku wa manane wanaweza kubahatika na vimondo. Karibu na tarehe 21 Oktoba dunia hupita kwenye vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, na mahali penye giza mtu huweza kuhesabu vimondo 20 hivi kwa saa moja.

Ndugu zangu, juu ya vichwa vyetu usiku huo watakuwepo wasafiri wengine. Vuli ndiyo wakati ndege wadogo wa Amerika Kaskazini wanapohamia kusini, na wengi wao huruka usiku, kwa mamilioni. Ukinyamaza uwanjani utasikia sauti zao fupi kutoka juu. Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambacho hakiko mbali sana na Potter, aliwaweka ndege wa aina moja, wadogo wa rangi ya buluu, ndani ya ukumbi wa nyota za bandia katika miaka ya 1960. Aliweka wino miguuni mwao na karatasi pembeni mwa vizimba, na nyayo zao zilionyesha wanaelekea kusini kwa kufuata nyota. Kisha akawalea makinda chini ya mbingu ya bandia iliyozunguka nyota nyingine, si ile ya kaskazini. Makinda yale yaliichukua nyota hiyo kuwa ndiyo kaskazini yao. Maana yake ndege hazaliwi na ramani kichwani. Hujifunza kwa kutazama mbingu ikizunguka akiwa bado mchanga, na mbingu hiyo lazima ionekane.

Kenya wanajua taa zinaweza kuwafanyia nini ndege wanaohama usiku. Kwenye hoteli ya Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwavisha pete ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia. Usiku wa ukungu usio na mwezi, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ndege hao hupoteza njia na kushuka kwenye taa za hoteli kwa maelfu. Watafiti wa Ngulia wamejifunza mengi kutokana na mikusanyiko hiyo. Lakini kwenye miji isiyo na watafiti, ndege hao hao hugonga vioo vya maghorofa na kufa, na asubuhi wafagiaji huwaokota.

Giza la Cherry Springs halikubaki kwa bahati. Mwaka 2000 jimbo liliitangaza hifadhi hiyo kuwa ya kwanza ya anga la giza katika Pennsylvania, na 2008 ikatambuliwa kimataifa, ya pili duniani baada ya hifadhi ya Natural Bridges kule Utah. Taa za hifadhi zikafunikwa ziangaze chini tu, zisizo na kazi zikaondolewa. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Fabio Falchi walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani. Waligundua kuwa theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi, na kwa Amerika Kaskazini ni karibu watu 8 kati ya 10. Wengi wetu tuliozaliwa vijijini tulipewa bure kitu ambacho watu wa huku wanakipigania kwa sheria, na tulikiona kuwa ni dalili ya umaskini. Tulipopata umeme tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mama anayejifungua anahitaji taa. Mwanafunzi anahitaji taa. Taa inayomulika mawingu haimsaidii mtu yeyote, na wenye ndugu wanaojenga nyumba za wageni, shule au misikiti huko nyumbani, waambieni wanunue taa zenye kofia, za mwanga wa manjano, zinazotazama chini. Gharama haizidi, na umeme unapungua.

Wazee, kwenu nina ombi la pekee. Watoto hawa watajifunza majina ya Kigiriki shuleni. Njooni na majina yenu, ya Kibembe, ya Kifuliiru, ya Kiha, ya Kinyamwezi, na hadithi mlizopewa. Kaka mmoja atakuwa na kinasa sauti, na tutawaomba mseme pale pale, mkiwa mmekaa chini ya nyota zenyewe. Asiyeweza kuja kwa sababu ya baridi au kwa sababu nyingine yoyote, tutamfuata nyumbani kwake kabla ya safari tuchukue maneno yake, na siku hiyo mjukuu wake atayapeleka.

Baridi ni ya kweli. Usiku wa Oktoba kule juu unaweza kukaribia kugandisha hata kama mchana ulikuwa wa shati moja. Mje na makoti, kofia, soksi mbili mbili, blanketi, na mikeka ya kulalia, maana shingo inachoka haraka ukitazama juu umesimama. Chai ya tangawizi kwenye chupa, mandazi ya kutosha. Wenye makoti ya ziada wayalete Ijumaa, na wasio nayo waandike saizi zao kwenye daftari lililo mlangoni, bila kuona haya. Tunahitaji magari matano zaidi na madereva waliolala vizuri usiku wa kuamkia safari. Kukiwa na mawingu tutaahirisha kwa juma moja, si zaidi, kwa sababu ya majani.

Nitakaa hapa mbele kwa wenye maswali. Tuanze na watoto.